Kipimo cha Mkeka na Nyumba za Kiwandani

Wanaosifu nyumba za kale za Japani huishia mara nyingi kwenye uzuri wake: karatasi nyeupe inayopitisha mwanga, mbao zisizopakwa rangi, baraza inayotazama bustani. Kwa maoni yangu, jambo kubwa zaidi limo sakafuni, kwenye tatami. Huo ni mkeka mnene wa mabua ya mpunga, wenye urefu wa takriban sentimita 180 na upana wa nusu ya hapo, na hadi leo Wajapani hutaja ukubwa wa chumba kwa idadi ya mikeka: minne na nusu, sita au minane.

Kwa kuwa kipimo kilijulikana na kila fundi wa eneo lake, seremala aliweza kuchonga nguzo, boriti na viungo katika karakana, kisha akavipeleka kiwanjani na kusimamisha kiunzi kwa muda mfupi. Mjini Osaka, katika enzi ya Edo (1603–1868), mambo yalifika mbali zaidi: wapangaji walikodi nyumba tupu, wakaja na tatami na milango yao ya kusukuma, na walipohama waliondoka navyo, wakijua kwamba vingeingia sawasawa katika nyumba nyingine. Sijui ushahidi bora kuliko huo kwamba nyumba inaweza kujengwa kwa vipande vinavyolingana bila kumgeuza mkaaji wake kuwa mfungwa wa kiwanda.

Msanifu majengo Mjerumani Walter Gropius, ambaye pamoja na msanifu mwenzake Konrad Wachsmann alijaribu nchini Marekani katika miaka ya 1940 kuuza nyumba za paneli za kiwandani na biashara hiyo ikashindwa, alizuru Japani mwaka 1954 na kumwandikia Le Corbusier, msanifu mwingine mashuhuri wa majengo ya kisasa, kwamba yote waliyoyapigania wao wawili yalikuwa na mfano wake katika utamaduni wa kale wa nchi hiyo. Miaka 5 baadaye, kampuni ya Daiwa House ilitoa Midget House, chumba cha kusomea watoto kilichosimamishwa uani kwa saa 3 tu.

Hata hivyo, naamini kwamba viwanda vilirithi kipimo na wepesi wa kuunganisha, vikaacha nyuma ukarabati. Jengo la Nakagin la Tokyo, lililosanifiwa na Kisho Kurokawa na kukamilika mwaka 1972, lilikuwa na vyumba 140 vilivyotengenezwa kiwandani na kufungwa kwenye minara miwili, kwa matarajio kwamba vingebadilishwa kila baada ya miaka 25 hivi. Hakuna hata kimoja kilichobadilishwa, kwa sababu ilikuwa vigumu mno kukitoa kimoja bila kugusa vilivyo juu yake, na mwaka 2022 jengo lote likabomolewa.

Katika nyumba ya kale, karatasi ya madirisha ikichakaa hubandikwa nyingine, uso wa tatami ukififia hugeuzwa, na nguzo ikioza chini, seremala hukata sehemu iliyooza na kuunga mbao mpya mahali pake, nyumba ikiwa bado imesimama.