Mbunge wa Minnesota Hagawi Basari

Huldah Momanyi-Hiltsley aliposhinda kiti cha 38A katika Baraza la Wawakilishi la Minnesota, Novemba 2024, simu za Wakenya wa mji wetu wa Brooklyn Park hazikulala. Mzaliwa wa Kenya ameingia Bunge la jimbo! Picha zikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, akina mama wakapiga vigelegele, na hata wale ambao hawajapiga kura tangu wapate uraia wakawa wachambuzi wa siasa kwa wiki nzima. Sina ugomvi na furaha hiyo, nami nilikuwa ndani yake. Ugomvi wangu ni na maswali yaliyoanza kuulizwa baada ya ibada, chai mkononi: Mheshimiwa atatutafutia basari? Ataongoza harambee yetu? Si aongee na watu wa uhamiaji watoe zile karatasi haraka?

Tabia hiyo tumekuja nayo kutoka nyumbani. Kenya imekuwa na mfuko wa CDF, yaani fedha za maendeleo ya jimbo la uchaguzi, tangu 2003, na mtoto aliyezaliwa mwaka huo amekua akijua kwamba mbunge ni mtu wa kutoa hundi ya karo, wa kujenga darasa na kupaka jina lake ukutani. Kama mfumo huo ni mzuri au mbaya, Wakenya wameufikisha mahakamani zaidi ya mara moja na bado hawajamalizana, kwa hiyo mimi sitajitia huko. Ninachojua ni kwamba mbunge wa jimbo la Minnesota hana mfuko wa aina hiyo. Hana hundi. Mambo ya uhamiaji yako Washington, hayamo mikononi mwake. Akija kanisani atasalimia, atakula wali na kuku, ataondoka. Mkimwomba basari mmemwomba asichonacho, na alichonacho mmemwachia aondoke nacho.

Alichonacho ni kura moja kati ya 134, haki ya kupeleka miswada, na kiti kwenye kamati. Kwa mtu aliyezoea waheshimiwa wa walinzi na msururu wa magari, hiyo inaonekana kazi ndogo. Lakini kama una mtoto anayesoma hapa, hakuna mwanasiasa aliye karibu na dawati lake kama huyu, ukiondoa bodi ya shule.

Wengi wetu tunadhani shule za Marekani zinaendeshwa na rais. Washington huchangia sehemu ndogo tu ya gharama za shule za umma. Katiba ya Minnesota, ibara ya 13, imeweka wajibu wa kuwa na mfumo wa shule za umma, wa jumla na ulio sawa, juu ya Bunge la jimbo. Mwaka 1971, wakati wa Gavana Wendell Anderson, jimbo lilijitwika sehemu kubwa zaidi ya gharama hizo ili mtoto wa mji maskini asitegemee ushuru wa nyumba za majirani zake peke yake. Wenyeji mpaka leo wanauita Muujiza wa Minnesota. Kila mwanafunzi ana kiwango chake cha msingi cha fedha kwenye vitabu vya jimbo. Mwaka wa shule wa 2024–25 kilikuwa dola 7,281. Mwaka uliofuata kikapanda hadi 7,481, kwa sababu sheria ya 2023 ilikifungamanisha na mfumuko wa bei, kisipande chini ya asilimia 2 wala kupita 3. Dola 200 ni pesa za safari moja ya sokoni. Zizidishe kwa shule ya watoto 600 unapata dola 120,000: huyo ni mwalimu pamoja na marupurupu yake, na labda saa kadhaa za msaidizi wa watoto wanaojifunza Kiingereza. Uamuzi huo ulipitishwa St. Paul, makao makuu ya jimbo, mwendo wa nusu saa kutoka hapa, na watu ambao ukiwaandikia barua wanaweza kukujibu.

Na chakula je? Mtoto anafika mwisho wa foleni, anabonyeza namba yake kwenye kile kibao kidogo, anabeba trei na kwenda kukaa na wenzake. Zamani namba hiyo ilikuwa na salio nyuma yake, na salio likiisha ilikuwa na deni. Tarehe 17 Machi 2023 Gavana Tim Walz alitia sahihi sheria ya jimbo kulipia kiamsha kinywa na chakula cha mchana kwa kila mwanafunzi katika shule zilizo kwenye mpango wa chakula wa taifa, awe mtoto wa daktari au wa anayefanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Spika wa Baraza wakati huo alikuwa Melissa Hortman, mkazi wa Brooklyn Park hii hii. Alishindwa uchaguzi mara mbili kabla ya kupata kiti mwaka 2004, na ilipofika 2023 chama chake kilikuwa kinatawala Seneti kwa kiti kimoja tu. Kwa wembamba huo wa idadi walipitisha chakula, leseni za udereva bila kuulizana karatasi za uhamiaji, na chuo cha umma bila karo kwa familia zenye kipato chini ya dola 80,000. Hiyo ya mwisho ndiyo basari. Hakuna aliyepiga picha akikabidhiwa hundi kubwa ya kadibodi, na labda ndiyo maana hatuihesabu.

Sheria nzuri nayo huwa na mkia wake, na hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo, maana suala hili linatugusa kuliko tunavyolizungumza. Ile fomu ya mapato tuliyokuwa tukijaza kila Agosti ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza tuliijua: mtoto ale bure. Ya pili wengi hatukuijua: idadi ya fomu hizo ndiyo iliyoamua ni kiasi gani cha fedha za nyongeza shule itapata kwa ajili ya watoto wa familia zenye kipato kidogo. Chakula kilipokuwa bure kwa wote, wazazi wakaona fomu haina maana tena, na nani apende kuandika mapato yake kwenye karatasi ya serikali? Fomu zikapungua. Jimbo likaelekea kuhesabu watoto kwa kuangalia orodha za programu za msaada, kama bima ya afya ya serikali na msaada wa chakula. Mwaka 2025 wabunge walilazimika kutia kiraka ili shule zisipoteze fedha hizo kwa mkupuo.

Sasa fikiria ni nani asiyeonekana kwenye orodha hizo. Ni yule anayefanya kazi mbili na bado ni maskini, lakini aliambiwa na binamu yake kwamba ukichukua msaada wa serikali, green card, kile kibali cha ukazi wa kudumu, itakataliwa, basi hajaomba kitu. Ni familia ambayo hali yake ya uhamiaji haiiruhusu kuomba. Ni wale waliofika mwaka jana wakilala watu sita kwenye vyumba viwili. Mtoto wao yuko darasani, ana mahitaji yote ambayo fedha hizo ziliwekewa, na kwenye hesabu hayupo. Shule zenye watoto wengi wa namna hiyo ndizo zetu. Kama kuna jambo ambalo mbunge aliyelelewa miongoni mwa wahamiaji anaweza kulieleza kwenye kamati kuliko mwenzake wa vijijini anayewakilisha wakulima wa mahindi, ni hili. Na hawezi kulieleza vizuri kama sisi hatujampa mifano.

Kamati yenyewe haina makuu. Mwenye kutoa ushahidi anaitwa, anakaa mbele ya kipaza sauti, anataja jina lake kwa ajili ya kumbukumbu, kisha anaongea kwa dakika mbili hivi. Hata wabunge wenyewe hawajibizani ana kwa ana. Kila neno linapitia kwa mwenyekiti, kama baraza la wazee lenye heshima zake. Huhitaji kuwa raia kutoa ushahidi. Huhitaji Kiingereza cha redioni. Mkutano unarushwa kwenye mtandao, kwa hiyo unaweza kuangalia jinsi wengine wanavyofanya kabla hujaenda. Niliowasikiliza wakigusa mioyo ya wabunge hawakuwa wale wenye takwimu nyingi. Alikuwa mpishi wa shule akieleza watoto wanachobakisha Ijumaa kabla ya wikendi ndefu, na mzazi mmoja aliyesoma barua ya shule neno kwa neno kisha akauliza, kwa upole, nani aliiandika.

Mkishaondoka, mswada wenyewe kwa kawaida haupigiwi kura siku hiyo. Unawekwa kando, ukisubiri kumezwa na mswada mmoja mkubwa wa bajeti ya elimu unaokuja mwishoni mwa kikao, mwezi wa Mei, wenye kurasa mia kadhaa. Ndiyo maana huwa nashangaa watu wakiuliza, "Huyu amepitisha miswada mingapi?" Kazi ya mwaka mzima ya mbunge inaweza kuwa mistari minne kwenye ukurasa wa 200, bila jina lake popote. Muulize ni mistari ipi.

Mwaka wa kwanza wa Mheshimiwa Momanyi-Hiltsley ulikuwa mgumu kwa kila aliyekuwamo. Uchaguzi ulizaa Baraza la 67 kwa 67. Kikao kilipofunguliwa Januari 2025, wabunge wa DFL, chama chake, ambacho ndicho Democratic cha Minnesota, walisusia kwa zaidi ya wiki tatu wakibishana na Republican juu ya nani ana haki ya kuongoza. Mwishowe Lisa Demuth wa Republican akawa Spika, na kamati zikaongozwa na wenyeviti wawili wawili. Mswada unahitaji kura 68, kwa hiyo hakuna kilichopita bila upande wa pili kukubali. Sisi tuliolelewa na siasa za "tyranny of numbers", za wengi kuwaburuza wachache, tungefaa kuusoma mwaka huo kwa makini.

Bei yake tuliilipa sisi pia. Ili bajeti ipite na serikali isifungwe Julai, makubaliano ya viongozi yaliwaondoa watu wazima wasio na karatasi kwenye bima ya MinnesotaCare kuanzia mwisho wa 2025, watoto wakabakizwa. Matokeo Juni 9 yalikuwa 68 kwa 65, na kura pekee ya DFL iliyounga mkono ilikuwa ya Hortman, aliyefanya makubaliano hayo na akaona lazima ayasimamie. Alitokwa na machozi akilieleza mbele ya waandishi. Niliudhika naye sana siku hiyo, na bado nadhani kipengele hicho ni kibaya. Siku tano baadaye, usiku wa kuamkia Juni 14, yeye na mumewe Mark waliuawa kwa risasi nyumbani kwao na mtu aliyejifanya polisi. Seneta John Hoffman na mkewe Yvette walipigwa risasi usiku huo huo katika mji jirani wa Champlin, wakanusurika. Wakazi wa eneo hilo la Brooklyn Park waliagizwa wabaki ndani. Tuliambiwa tusifungue mlango hata kwa polisi aliye peke yake. Kwa waliokimbia nchi zao kwa sababu ya bunduki na siasa, na hapa wako wengi, hasa Waliberia, siku hiyo ilikuwa ndefu.

Huwezi kukubaliana na mbunge kwa kila kura. Hata hivyo ningependa tuwe na tabia ya kujua kura zao kabla hatujawapenda au kuwachukia. Ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba mji huu umegawanywa kati ya wilaya tatu za shule, Osseo, Anoka-Hennepin na Robbinsdale, na kwamba majirani wawili wanaweza kuwa na bodi mbili tofauti? Wangapi wamesoma lile swali la tozo ya shule chini kabisa ya karatasi ya kura, na ile sentensi ya herufi kubwa inayokuonya kwamba ukisema Ndiyo umepigia kura nyongeza ya ushuru? Si shule inayokutisha. Sheria ya Bunge ndiyo inayoagiza maneno hayo yawekwe pale. Tangu 2023 sheria hiyo hiyo inairuhusu bodi kuongeza muda wa tozo iliyokuwapo mara moja bila kurudi kwa wapiga kura, jambo ambalo binafsi naliona la busara, ingawa mwenye nyumba mwenzangu mmoja haniongeleshi tena kwa kusema hivyo.

Kuna sheria nyingine ya 2014, LEAPS, inayomwezesha mwanafunzi wa sekondari anayeonyesha umahiri wa lugha nyingine zaidi ya Kiingereza kupata muhuri kwenye hati zake, na muhuri huo ukahesabiwa kama masomo ya lugha aliyokwisha kuyamaliza kwenye vyuo vya umma vya mfumo wa Minnesota State. Hausemi Kihispania au Kifaransa tu. Tuna watoto wanaotafsiria bibi zao hospitalini kila wiki, kisha wanalipia darasa la lugha chuoni. Mwulizeni mbunge wenu, na mwulize mshauri wa shule, mtihani wa Kiswahili unafanyika wapi na nani anaulipia.

Anwani ya kila mbunge iko kwenye tovuti ya Bunge, na ukiingiza anwani ya nyumba yako utaonyeshwa ni nani wako. Taja mtaa wako mwanzoni kabisa, kwa sababu ofisi hutazama kwanza kama unaishi kwenye eneo lake. Taja shule ya mtoto. Omba jambo moja. Viti vyote 201, vya Baraza na Seneti, vinagombewa Novemba 2026, na barua zinazofika kabla ya hapo husomwa kwa macho mawili.