Kila Ugonjwa Betri

Pikipiki ikigoma kupiga stata, jibu huwa tayari kabla swali halijaisha: betri. Mama muuza maandazi atasema betri. Kijana wa vocha atasema betri bila kuinua macho kwenye simu. Fundi, ambaye ndiye tuliyemtegemea aulize japo swali moja, naye betri. Muuza spea ndiye kabisa, anazo rafu nzima nyuma yake, mlitaka apinge ili iweje?

Wakati pikipiki yenyewe inajieleza vizuri tu! Washa swichi, bonyeza kitufe, tega sikio ubavuni karibu na betri. Ikilia ta-ta-ta-ta mfululizo na taa za dashibodi zikafifia, haya, hapo nakubali, umeme ni mdogo: betri imeisha au vichwa vyake vimelegea. Ikipiga "tak" moja nzito kisha kimya, rilei, ile swichi ya umeme inayopeleka moto kwenye mota ya stata, inajaribu kuvuta ila moto haufiki, au mota imechoka. Ikiwa hata "tak" hakuna, na honi inalia mpaka mbwa wa jirani wanajibu, basi mwacheni betri wa watu. Kosa liko kwenye zile nyaya nyembamba za swichi zinazoiamuru rilei. Mota ikizunguka "zzzz" na injini haina habari, hilo ni jambo la ndani, tutalifikia.

Lakini nani atege sikio? Betri inang'olewa, mpya inafungwa, pesa imetoka, stata bado kimya. Ndipo mtu anagundua swichi nyekundu ya mkono wa kulia ilikuwa imezimwa. Mtoto kaichezea. Kwenye pikipiki nyingine swichi hiyo inakata cheche tu, kwenye nyingine inakata na stata. Iangalieni hiyo kabla ya kumwita mtu yeyote mwenye spana.

Multimita, yaani mita ya kupima umeme, ya bei ya chini inatosha. Iweke kwenye volti 20 za DC, ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Betri nzima iliyolala usiku kucha isome 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.4 bado ina maisha. Ikisoma 12.0, imebaki na robo hivi, usiidai makubwa. Fundi wa haraka anaishia hapo, anafunga mita yake, anatoa hukumu. Bwana, kipimo ndiyo kwanza kinaanza! Acha ncha palepale, bonyeza stata. Ikishuka hadi 10 na kitu, sawa. Ikiporomoka chini ya 9.6, betri haibebi mzigo hata kama ilisoma 12.6 ikiwa imetulia. Ndiyo maana honi peke yake, bila kusikiliza ile "tak", si ushahidi. Taa kubwa ya wati 35 inakula kama ampea 3 tu. Stata inataka makumi ya ampea kwa mkupuo. Betri mbovu itakupigia honi siku nzima, ukigusa stata inazimia.

Tuseme kweli imekufa. Sasa imekufa kwa nini? Hilo haliulizwi. Piga kiki, injini ikiwaka vuta mafuta kiasi, pima tena palepale kwenye vichwa. Itoe kama 13.5 hadi 14.5. Ikiganda kwenye 12 au kuzidi kushuka, haichaji: rektifaya (kidude kinachonyoosha na kudhibiti umeme wa kuchaji), koili za sumaku zinazozalisha umeme, au soketi iliyoungua hapo katikati. Ikipita 15, rektifaya imeshindwa kuzuia umeme, inachemsha maji ya betri. Funga betri mpya juu ya ugonjwa huo uone kama utamaliza nayo mwaka. Na wale waliofunga spika, taa tano za LED na chaja ya simu kwenye kapikipiki ka cc 125, hao hata sisemi nao. Kanazalisha umeme wa kujitosha kenyewe, si wa harusi.

Betri mpya ya maji nayo inaonewa: inajazwa asidi dukani, inafungwa papo hapo. Iache itulie kwanza, kisha ichajiwe polepole, kwa moja ya kumi ya ukubwa wake. Ya 5Ah (ampea-saa 5) ipewe nusu ampea. Baadaye maji yakipungua ongeza maji safi ya betri, siyo asidi tena, wala siyo ya bomba.

Vichwa vikiota ule unga mweupe au wa kijani, usivipige nyundo. Toa hasi kwanza, kwa sababu ukianza na chanya na spana ikagusa fremu, utaona radi mchana. Sugua kwa msasa, kaza, paka grisi. Halafu ule waya mnene wa hasi unaokwenda kufungwa kwenye injini, maskini, haukumbukwi na mtu. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, bonyeza stata. Ikizidi volti 0.3, kutu imekaa pale kwenye bolti. Fungua, kwangua, rudisha. Bure kabisa, ndiyo maana hakuna anayeipendekeza.

Pikipiki iliyo kimya kabisa ianzie kwenye fyuzi, mara nyingi ya ampea 10 au 15 karibu na betri. Utakuta karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara imeviringishwa pale. Hongera: safari ijayo haitaungua fyuzi, zitaungua nyaya zote. Kisha taa ya kijani ya nyutro, yaani gia haijaingia, iwake kweli. Isipowaka, shika klachi ujaribu tena. Kidude chini ya mkono wa klachi kina nyaya mbili. Kwenye nyingi ukizichomoa na kuziunganisha kwa muda, stata ikaitika, umempata mwizi. Swichi ya stendi ya pembeni nayo hujaa matope, hasa baada ya kuoshwa kwa mashine ya presha na mtu anayelenga swichi kama ana ugomvi nazo.

Kwenye "tak" moja, tafuta rilei ya stata: ina bolti mbili nene. Weka nyutro, hakikisha hakuna petroli inayovuja, ziunganishe kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki sekunde moja tu. Cheche zitaruka, usishtuke. Mota ikizunguka vizuri, rilei ndiyo mgonjwa. Isipozunguka, na umeme unafika hadi kwenye bolti ya mota, fungua mota uangalie kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani yake. Zikiwa zimelika, badili kaboni na futa vumbi jeusi. Usikubali kuuziwa mota nzima. Oringi yake, ule mpira wa duara, irudi salama, la sivyo oili inatoka.

Hiyo ya "zzzz" ni klachi ya stata, roli na springi zake ndogo, nyuma ya sumaku. Unamwaga oili, unafungua kava la kushoto, unaandaa gasketi mpya na kifaa cha kuvutia sumaku, maana kuna watu wanaitoa kwa nyundo mchana kweupe. Asiyetaka gharama hiyo apige kiki. Isipokuwa siku hizi zipo pikipiki za sindano ya mafuta, zisizo na kabureta, zisizo na kiki hata ya kuigiza, na betri ikiisha kabisa, sukuma mpaka mtaa wa tatu, pampu ya mafuta haiamki. Mtu aliyeondoa kiki hajawahi kusukuma chochote kwenye mchanga.