Yurea haitaponya karanga zenu

Niko nasema hii nikijua itaudhi watu. Hapa Lubumbashi karanga zikianza kunyauka mu shamba, mtu anakimbia sokoni kutafuta angre, yaani mbolea ya dukani, anamwaga yurea yenye kuleta nitrojeni, majani yanakuwa kijani mpaka wapita njia wanasifu, halafu siku ya kung'oa anajaza nusu gunia. Kwanza yurea ya nini kwa karanga? Ng'oa shina uangalie mizizi, iko na vinundu vidogo, pasua kimoja kwa kucha, ndani ni chekundu, njo humo bakteria wanavuta nitrojeni ya hewa na kulisha karanga bila kukuomba hata franka.

Ugonjwa wenyewe uko chini. Mashina yangu yaliyonyauka, pale yanapogusa udongo yalikuwa na nyuzi nyeupe kama pamba na vipunje vya kahawia kama mbegu za haradali. Ile ni kuvu, Sclerotium rolfsii, na vile vipunje vinaweza kulala mu udongo miaka, vinangoja, na sisi kila mvua tunarudi kupanda palepale.

Mimi naweka komposti, yaani majani na mavi ya kuku yaliyooza pamoja kwa lundo. Komposti inaleta viumbe vingine vidogo, kama Trichoderma, vinaishambulia ile kuvu na kuinyang'anya chakula. Halafu udongo wetu huu mwekundu unalainika, kile kijiti kinachotoka kwa ua la karanga kinaingia chini kuzaa bila shida.

Lakini komposti iive jamani! Mara ya kwanza nilitandaza mavi ya kuku mabichi na majani yasiyooza, kumbe kuvu ile inapenda sana kitu kinachoanza kuoza juu ya udongo, nilikuwa nimeipikia bukari na samaki. Lundo lipande mpaka digrii 55 na zaidi siku kadhaa, na uligeuze, vya pembeni viingie katikati. Kipimo sina, nachoma fimbo ya chuma katikati, nikiivuta na mkono unashindwa kuishika najua kazi inaendelea. Likipoa na kunuka kama udongo wa porini, basi. Ni miezi 2 ao 3 hivi, njo maana naanza mwezi wa 8 ili mvua ya Novemba ikute tayari, ila kiangazi lundo likikauka linalala, na pale nyumbani kila bido ya maji ninayobeba wananinunia.

Na hapana, komposti haimalizi ugonjwa wote. Ile kona yangu mbaya kabisa mwaka huu naweka mahindi, kuvu ile haiyasumbui sana kama karanga.