Dawa ya Saa Mbili na Simu Inayoandika Saa Nane

Kwa miezi kadhaa mjomba wangu, aliyepatwa na kiharusi miaka mitatu iliyopita, alikuwa akinywa dawa yake ya presha saa nane mchana badala ya saa mbili asubuhi, na nyumbani hakuna aliyefahamu sababu. Simu tuliyomnunulia ililia kila asubuhi kwa wakati uliopangwa, naye aliichukua, akaitazama kwa makini, akaizima na kuirudisha mfukoni. Siku nilipoketi naye barazani na kumwuliza kwa nini anaizima, alinionyesha kioo cha simu kilichoandikwa 8:00, akanijibu kwa upole, "Saa nane haijafika, mpwa wangu."

Mjomba alikuwa karani katika bandari ya Kilindini, Mombasa, kwa zaidi ya miaka thelathini, na muda wote huo aliandika nyakati za meli kwa saa za Kizungu ofisini, akarudi nyumbani Mji wa Kale na kuishi kwa saa za Kiswahili, bila kuona kwamba kuna hesabu anayoifanya. Kiharusi hakikumwondolea majina ya majirani wala nasaba za watu wa mtaa, mambo ambayo hadi leo tunamwendea yeye kuyauliza, ila kilimwondolea ile hatua ndogo ya kugeuza nane kuwa mbili. Sisi tukampa chombo cha kumsaidia kukumbuka, na chombo chenyewe kikawa kinamdai kila asubuhi kazi ileile ambayo ubongo wake hauiwezi tena.

Tangu siku ile nimeamini kwamba teknolojia saidizi kwa watu wenye ulemavu wa utambuzi haina budi kuanza na mpangilio ambao mtu tayari anaishi nao, na kwamba chombo kinachomtaka kwanza ajifunze mpangilio mgeni kimeshashindwa kabla hakijawashwa. Nasema ulemavu wa utambuzi nikikusudia ugumu wa kukumbuka, kuzingatia, kufuata hatua za jambo au kuelewa maelezo, uwe umetokana na kiharusi, na kuumia kichwa, na uzee, au mtu awe amezaliwa nao. Watu hawa si wachache. Sensa ya mwaka 2019 iliwauliza Wakenya wa miaka mitano na zaidi kuhusu ugumu wa kukumbuka na kuzingatia, na zaidi ya watu 212,000 wakahesabiwa kuwa nao, idadi inayozidi ya wenye ugumu wa kusikia. Hata hivyo, mazungumzo ya vifaa vya walemavu yakianza hapa kwetu, mawazo huenda kwenye kiti cha magurudumu, fimbo nyeupe na kifaa cha masikio, na huyu asiyeonekana na dosari ya mwili husahauliwa, au huitwa majina ambayo sitaki kuyaandika.

Turudi kwenye saa, kwa kuwa ndipo nilipojifunza mengi. Mombasa iko takriban digrii nne kusini mwa ikweta, na kwa hiyo jua huchomoza na kutua karibu wakati uleule mwaka mzima, magharibi ya mwezi mmoja na ya mwezi mwingine zisipishane hata saa moja. Saa za Kiswahili zinazohesabiwa tangu macheo na machweo zimetokana na hali hiyo, na juu yake kuna adhana tano zinazosikika nyumba hadi nyumba. Mtu aliyezaliwa na kukulia hapa, hata kama si Mwislamu, huigawa siku yake kwa alama hizo: tutaonana baada ya alasiri, kabla ya magharibi, ikishaingia isha. Hazina hiyo ya kumbukumbu haihitaji betri, na kwa mjomba haikuguswa na kiharusi hata kidogo. Mkaza mjomba aliligundua hilo kabla yangu mimi niliyesomea kompyuta. Aliihamisha dawa kutoka kabatini, akaiweka ndani ya kikombe cha kahawa kando ya msala wa kuswalia, na kwa idhini ya daktari ikawa ya asubuhi inanywewa baada ya alfajiri na ya jioni baada ya magharibi. Kikombe kitupu kinamwambia mjomba kwamba ameshakunywa, na tangu hapo hajarudia dozi mara mbili.

Asije mtu akadhani kwamba kikombe si teknolojia. Orodha ya vifaa saidizi vya kipaumbele iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 ina vifaa 50, na miongoni mwake, pamoja na viti vya magurudumu na miguu ya bandia, kuna visanduku vya kupangia vidonge, vyombo vya kusaidia kupanga muda, simu zilizorahisishwa na mbao za picha za kuwasiliana. Kisanduku cha vidonge tulichokinunua baadaye kilikuwa na herufi za siku kwa Kiingereza, herufi ya Jumanne na ya Alhamisi zikiwa moja, tukazibandikia karatasi.

Wala sipingi vifaa vya umeme. Katika miaka ya 1990, huko California, mhandisi mmoja ambaye mwanawe alikuwa ameumia kichwa alishirikiana na mwanasaikolojia kubuni NeuroPage, peja ya kufungwa kiunoni iliyompelekea mtu ujumbe wa kumkumbusha shughuli zake, nayo iliendeshwa kwa kitufe kimoja kikubwa. Mtafiti Barbara Wilson na wenzake nchini Uingereza walichapisha mwaka 2001 matokeo ya kuijaribu kwa watu 143, na zaidi ya asilimia 80 ya waliomaliza majaribio ya wiki 16 walitimiza shughuli zao vizuri zaidi wakiwa na peja kuliko walivyokuwa bila hiyo. Ninachokithamini hapo ni kwamba chombo kilianzia nyumbani kwa mwenye shida, na kwamba ujumbe wa kila mtu ulihusu maisha yake mwenyewe.

Ndiyo maana tulipoamua kuirudisha simu, safari hii tulimwuliza mjomba. Mimi nilikuwa nimekwisha kurekodi sauti ya bintiye ikisema, "Baba, kunywa dawa," nikiamini kwamba sauti ya mwana itamgusa. Aliikataa. Alisema hawezi kuamrishwa na mtoto wake mbele ya wageni, akataka arekodi sauti yake mwenyewe, na sasa kila jioni anajikumbusha kwa maneno yake na kwa jina lake. Mimi peke yangu nisingelifikia wazo hilo.

Yapo mambo ambayo familia haiwezi kuyarekebisha. Menyu za huduma za fedha kwenye simu hujifunga zenyewe baada ya muda mfupi, mtu anayesoma taratibu akiwa bado kwenye mstari wa pili, na nambari ya siri inamtaka akumbuke tarakimu ambazo ugonjwa umezifuta. Matokeo yake siri hiyo hupewa mpwa, jirani au kijana wa dukani, na fedha za mzee zikabaki kwenye rehema ya waaminifu na wasio waaminifu. Miongozo ya ufikivu wa wavuti, yaani ya kuwawezesha wenye ulemavu kuzitumia tovuti, katika toleo la 2.2 lililotoka Oktoba 2023, imekwisha kueleza kwamba mtu asilazimishwe kupita mtihani wa kumbukumbu ili aingie kwenye akaunti yake bila kupewa njia nyingine au msaada. Kenya nayo iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 12 cha mkataba huo kinatambua haki yao ya kusimamia fedha zao wenyewe. Wanaobuni huduma hizi wanaweza kutumia alama ya kidole, wanaweza kurefusha muda wa menyu, na sioni udhuru wao.

Kuhusu vifaa vya kumfuatilia mtu alipo, nimekuwa mzito. Mjomba aliwahi kuvuka feri hadi Likoni na kukaa huko mpaka usiku, nasi tukahangaika sana, na bado nilishikilia kwamba kifaa kama hicho asitiwe mfukoni kwa siri. Tulimweleza, akafikiri kwa siku mbili, akakubali kukibeba akitoka nje ya mtaa tu. Barazani baada ya alasiri hakibebi, nasi hatumshurutishi.

Lililobaki bila ufumbuzi ni Ramadhani, kwa maana nyakati za kula na za kunywa dawa huhamia futari na daku, na hakuna programu niliyoiona inayofahamu badiliko hilo. Mwezi huo mkaza mjomba huamka kabla ya daku, hukiweka kikombe kando ya sahani badala ya msala, nami nikakesha kuzibadilisha kengele za simu moja baada ya nyingine.