Kabla ya hema, uliza mwezi

Kundi letu la WhatsApp la familia lina watu kumi na wanne, na wiki nzima sasa linazungumzia mahema. Aliyeanzisha ni shemeji yangu wa Dar. Alituma picha ya hema jeupe refu kama sebule: kitanda cha mbao, zulia, vitaa vimening'inizwa, na mtu amekaa nje na kikombe cha kahawa akitazama maji. Wenyewe wanaiita glempingi. Chini akaandika, "Kigoma tulale hivi." Mdogo wangu aliyeko Kasulu akajibu kwamba hema la kawaida linatosha, hela inayobaki tule migebuka, samaki wa huku. Basi vita ikaanza.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza mwezi utakuwaje.

Mimi naishi Kigoma, na nimeshapeleka wageni Ziwa Tanganyika mara za kutosha kujua kwamba anayeanza kupanga na hema ameanza na kitu cha mwisho. Hema utalala ndani yake umefumba macho. Ziwa ndilo litakaloamua utavuka lini, utakula nini na usiku utaona nini.

Wavuvi wa dagaa huku wana kalenda yao, giza na mbalamwezi. Dagaa huvutwa juu na taa, kwa hiyo usiku wa giza ndio wa kazi. Mwezi ukishapevuka taa haina maana tena, nyavu zinaanikwa na watu wanabaki nchi kavu kutengeneza injini na kumaliza kesi za nyumbani. Ukilala ufukweni wakati wa giza, mwanga wa kwanza unauona mbali majini, halafu wa pili, na kabla hujamaliza chai mstari mzima umewaka, utadhani kuna mji katikati ya ziwa. Hicho ndicho ninachowaitia watu Kigoma. Hakuna hema linalokuja nacho.

Nilijifunza kwa aibu. Wageni wangu wa kwanza walitoka Tabora, nikawachagulia wikiendi kwa kuangalia likizo yangu tu. Tukafika, mwezi umejaa kama sinia. Ulikuwa mzuri, sikatai, lakini taa hakuna hata moja na dagaa wabichi hakuna. Tulipiga kambi kando ya ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470, la pili kwa kina duniani, tukala maharage. Mmoja wao mpaka leo akinipigia simu huanza kwa kuuliza bei ya maharage.

Siku hizi kuna jambo la kuongeza. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mimi naunga mkono, maana kila anayekula dagaa ameona wanavyozidi kuwa wadogo na bei kuwa kubwa. Ila angalia ilivyoangukia: miezi hiyo ndiyo ya kiangazi, ambayo kila anayeuza safari atakwambia ndiyo bora ya kupiga kambi. Mvua haipo, kweli. Taa nazo hazipo, na samaki wa kuchoma hayupo. Kwa hiyo kabla ya kulipia chochote, ulizia kwanza kama ziwa litafungwa mwaka huo na kwa tarehe zipi.

Halafu kuna kusi. Upepo huu unavuma kiangazi kutoka kusini, na ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 670, yaani una uwanja wa kutosha kupata kasi kabla haujatufikia. Asubuhi maji yanaweza kuwa yametulia kama kwenye beseni, mchana mtu unashika ubao wa boti kwa mikono miwili. Safari moja tulikuwa Kibirizi, mizigo imeshapakiwa, jaketi okozi tumevaa, nauli imelipwa. Nahodha alisimama muda mrefu akitazama mbali, wala hatazami sisi. Kisha akanionyesha kwa kidevu mahali maji yalipobadilika rangi, mstari mweusi unaosogea. "Mama, shusheni. Kesho saa kumi na mbili." Nilinuna, nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa. Saa nane mchana mawimbi yalikuwa yanapanda mpaka kwenye meza za wauza samaki. Tangu siku hiyo kila ratiba yangu ina siku moja ya ziada isiyo na kazi, na anayeona ni ubadhirifu simchukui.

Upande wa msitu, watu wengi wanadhani Kigoma yote ni msitu unaoingia ziwani. Panda boti kuelekea kaskazini uone. Vilima vinakupita vimenyolewa, mashamba ya mihogo na migazi, yaani michikichi, hapa na pale, mpaka ghafla unafika mpaka wa Hifadhi ya Gombe na miti inaanza kama ukuta. Kilomita kama kumi na sita tu kutoka mjini. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1968, lakini kambi yake maarufu ni ya Julai 1960, Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofika na mama yake na mpishi, wakapiga hema. Glempingi haikuwepo. Haikuchukua muda mama na binti wote wakalala kwa malaria. Kwa hiyo shemeji, zulia acha, beba chandarua.

Ushauri wangu kwa kundi la ukubwa wetu ni kutolala ndani ya Gombe. Tulale ufukweni jirani na kijiji, kwa ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji na malipo tuliyokubaliana mapema, kisha siku moja tuingie hifadhini na mwongozaji. Gharama inapungua, pesa kidogo inabaki kijijini, na watoto watapiga kelele bila kumkosea mtu. Halafu kuna nyani. Nyani wa Gombe wanashuka mpaka kwenye kokoto za ufukweni na wanajua mkate unakaa wapi kwenye begi. Sebule nyeupe ya shemeji ingedumu nusu saa.

Mwenye mafua abaki kambini, hata kama kalipa. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu, na mwaka 1966 polio iliwapiga sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakabaki vilema. Hili silijadili na mtu. Na kuni tusikate wala tusinunue. Tutabeba mtungi mdogo wa gesi, maana siwezi kulalamikia vilima vilivyonyolewa huku nachomea samaki kwa mti wa kilima hichohicho.

Kuhusu maji: yanavutia kuoga, ni maangavu unaona samaki wadogo wa rangi wanazunguka miguu. Uliza wenyeji pa kuoga. Penye matete na maji yaliyosimama karibu na makazi pana kichocho, na sehemu nyingine pana mamba. Mwenyeji atakuonyesha kwa kidole, haichukui dakika.

Hifadhi ya Mahale wengine wamependekeza. Ni pazuri kuliko picha zake, lakini ni mbali mno kusini na hakuna barabara ndani. Kwa watu kumi na wanne wenye siku nne, hapana.

Jana usiku nikaandika kwenye kundi: twende giza la Septemba. Ziwa likifungwa kama ilivyokuwa 2024 litakuwa limeshafunguliwa, kusi inaanza kuchoka, mvua bado. Milima ya Kongo hatutaiona vizuri kwa moshi wa mbuga zinazoungua, hilo nimelikubali. Siku nne za kambi na moja ya kumsubiri nahodha. Mahema kila mtu alete lake, hata likiwa na zulia.

Mdogo wangu kauliza nani analeta mawese. Shemeji kasoma, alama mbili za bluu naziona, kanyamaza mpaka asubuhi. Kisha kauliza, huko ufukweni simu tutachajia wapi?