Jibu Nusu Kuhusu Chumvi ya Bahari

Wiki iliyopita mpwa wangu aliyeko darasa la sita aliniletea daftari lake la sayansi likiwa na alama kubwa nyekundu ya kukosa. Waliulizwa kwa nini maji ya bahari yana chumvi, naye akaandika neno kwa neno kama alivyonakili ubaoni, kwamba mito huleta chumvi kutoka nchi kavu. Kisha akaongeza chini yake: “Mbona basi mito yenyewe haina chumvi?” Inaonekana kosa lilikuwa hilo swali.

Sikatai kwamba mito inahusika. Mvua hunyonya kaboni dioksidi angani ikawa asidi hafifu, asidi hiyo huila miamba taratibu, na madini yanayomeguka huteremka na Rufiji, Ruvu na Pangani hadi baharini, ambako jua huvukiza maji na kuyaacha madini. Mito inayo chumvi, ila ni haba mno kwa ulimi kuitambua, na kumweleza mtoto hivyo kungechukua nusu dakika. Anayetaka ushahidi tunao hapa hapa: Ziwa Viktoria huyatoa maji yake kwa Mto Naili pale Jinja, na maji yake hayana ladha ya chumvi, ilhali Ziwa Natron halina pa kuyatolea, kwa hiyo kinachobaki baada ya jua kumaliza kazi yake ni magadi yanayounguza ngozi.

Ni magadi, tafadhali, si chumvi ya mezani, na hapo ndipo jibu la ubaoni linapovuja. Maji ya mito mingi duniani yametawaliwa na kalsiamu na bikaboneti, viambato vya chokaa. Baharini mambo yamegeuka kabisa: kila kilo ya maji ina takriban gramu 35 za chumvi, na katika hizo zaidi ya gramu 30 ni klorini na sodiamu, viambato vya chumvi ya mezani, huku kalsiamu ikiwa haifiki hata nusu gramu. Ikiwa mito ndiyo iliyoleta kila kitu, kalsiamu yote hiyo imekwenda wapi? Imeliwa. Matumbawe, chaza, konokono na viumbe wasioonekana kwa macho huichukua na kujijengea magamba na mifupa, na sisi tukaja baadaye tukayachonga matumbawe hayo ya kale kujengea Lamu na Mji Mkongwe. Simama penye ukuta wa zamani uliobanduka chokaa, utaona ndani ya jiwe vijitundu vilivyopangika kama nyota. Hiyo ni kalsiamu ambayo mto fulani uliileta baharini. Sodiamu na klorini hazina mteja wa namna hiyo, ndiyo maana hukaa baharini kwa mamilioni ya miaka.

Tena klorini nyingi haikutokana na miamba ya nchi kavu, bali na gesi za volkano tangu dunia ikiwa changa. Na mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, wanasayansi walizikuta chemchemi za moto kwenye sakafu ya bahari, ambako maji hupenya miambani yakaacha baadhi ya madini na kutoka na mengine. Mwaka 1899 mwanasayansi wa Ireland, John Joly, alipiga hesabu ya umri wa dunia kwa kugawanya sodiamu iliyomo baharini kwa ile inayoletwa na mito kila mwaka, akiichukulia bahari kuwa ghala lisilotoa kitu, akapata miaka kati ya milioni 80 na 90. Dunia ina miaka bilioni 4.5. Ubao wetu bado uko na Joly.

Nitaambiwa kwamba madarasa yamefurika, mtihani wa taifa unakaribia na mwalimu hana maabara. Haya, ni kweli, nalikubali hilo kwa shingo upande. Lakini Kilwa na Lindi kuna watoto wanaopita kando ya mashamba ya chumvi wakienda shule. Humo maji ya bahari huhamishwa kutoka jaruba hadi jaruba kadiri yanavyokolea, na vitu vinavyotangulia kuganda ni chokaa kisha jasi, yaani ile kalsiamu kidogo iliyosalimika. Chumvi yenyewe hufuata baadaye, wakati jasi nyingi imekwisha kutua chini. Maabara hiyo haina ada, na jua linaiendesha bila kuombwa.