Sikuungua, Niliyeyuka

Wale mnaonitumia picha za gari la zimamoto, naomba mpumzike. Najua mmeshasikia. Besti alikuwepo Tukuyu, na simu yake ilikuwa na bando. Kwenye simulizi lake kuna moto kichwani kwangu, kuna moshi mpaka barabarani, kuna mzee kanimwagia ndoo ya maji. Jamani, moto haukuwepo. Ndoo ilisogezwa tu karibu, kwa tahadhari. Naandika kichwa bado kinawasha, maana nikimwachia besti mpaka Jumapili atakuwa ameshanizika na rambirambi amekusanya.

Basi. Ilikuwa mahari ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Julai. Anayeijua Tukuyu ya Julai hahitaji maelezo. Asiyeijua avae sweta kwanza ndipo aendelee kusoma.

Rasta zangu zilikuwa za tangu Pasaka. Msinianze. Nilikuwa nasubiri mahari ipite ndipo nifumue, kwa sababu kusuka ni hela, na kila mwenye rasta za zamani anaijua ile ahadi ya "wiki hii tu". Kichwa kilikuwa kinawasha mpaka nimeshahamia kwenye kukuna kwa peni. (Na nyie mnaojipiga vikofi kichwani kwenye daladala nawajua, tusijifanye.) Usiku wa kuamkia safari nikaziosha. Uyole ya Mbeya, usiku, baridi ile, rasta nene zimefyonza maji beseni zima, na draya sina. Nikakamua, nikavaa mzula, ile kofia ya uzi ya baridi, nikalala.

Asubuhi niliamka na harufu. Sitaieleza. Niseme tu kwamba abiria wa pembeni yangu alifungua dirisha la Kosta pale Isyonje, penye ukungu wenyewe, na hakulifunga mpaka Kiwira.

Kufika, wanawake wako uani, ndizi zinamenywa, maharage yanachemka, na pembeni kuna jiko la mkaa limekolea vizuri, halina hata sufuria. Limewekwa juu ya matofali, usawa wa mabega ya mtu aliyekaa kwenye kigoda. Mnaona jinsi shetani anavyopanga vitu? Nikavuta kigoda, nikalipa jiko kisogo, nikaanza kumenya ndizi na wenzangu. Hesabu yangu ilikuwa hivi: joto linapita kwenye mzula, linakausha rasta, mzula nao unakauka, na harufu inabaki huku huku uani ichanganyike na moshi. Sikuona pengo lolote kwenye hiyo hesabu. Tena nikajisogeza nyuma kidogo. Joto lilikuwa tamu, sijui niseme nini.

Umbea ukakolea. Sasa katikati ya umbea ikatoka harufu ya plastiki. Mama mkubwa akasimama, mikono kiunoni: "Nani katupia mfuko kwenye moto? Chakula cha wakwe hiki!" Watu wakainama kuchungulia chini ya mafiga. Na mimi nikainama. Jamani, mwenzenu nilitafuta ule mfuko. Nikamlaumu hadi mtoto wa jirani aliyekuwa amekaa zake anakula parachichi.

Kabla hatujaupata, nikaitwa ndani nikawanawishe wageni.

Sasa hapa twende taratibu, maana besti hakuwa sebuleni, alichungulia dirishani tu.

Naingia na jagi la maji ya uvuguvugu mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani. Wazee wa upande wa pili wamejipanga kwenye makochi, makoti mazito, kimya kile cha watu waliotoka kutajiwa idadi ya ng'ombe. Napiga magoti kwa mzee wa kwanza, ananyoosha mikono. Shangazi, kutoka kwenye kona yake, anasema kwa sauti ya chini ambayo wote wameisikia: "Vua hilo limzula. Unanawisha wageni au unaenda kuvuna viazi?"

Sawa shangazi. Naweka beseni chini, nashika mzula kwa juu, navuta.

Mzula unarefuka. Hautoki.

Navuta tena. Safari hii nyusi zinapanda, macho yanatanuka, ngozi ya paji la uso yote inaelekea utosini. Mzee bado kanyoosha mikono. Shangazi anadhani naleta kiburi: "We mtoto, si nimesema uvue?" Nasema navua shangazi. "Mbona huvui?" Nasema navua!

Hapo ndipo mshenga, mtu mwungwana sana, kumbe ndiye wa kunimaliza, akainuka kusaidia. Akashika mzula kwa mikono miwili. Akavuta kwa adabu. Nikamfuata kwa magoti. Akarudi hatua moja nyuma, nami nikasogea hatua moja mbele, jagi bado mkononi, na kila nikimwagikiwa nasema samahani. Wazee wakawa wanageuza shingo kutufuata. Halafu ikasikika krrraa, sauti ya kitu kikavu kinachobanduka, na mshenga akabaki na nusu ya mzula mkononi. Nusu nyingine imebaki kisogoni kwangu, ngumu, nyeusi, inang'aa. Zile rasta zilizokuwa zimebanduka na upande wake zikadondoka, zikapiga ukingo wa beseni, zikaingia majini. Zikaelea. Polepole. Mbele ya mzee.

Akaziangalia. Akarudisha mikono yake mapajani.

"Ndaga," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa. "Mimi nimeshanawa."

Yaliyofuata hayana maana. Shughuli ikaendelea, mahari ikapokelewa, mimi nikavikwa kitenge kichwani na kufungiwa chumbani na sahani ya ndizi, nyama nikanyimwa. Jioni nikageuza Mbeya, moja kwa moja Mwanjelwa kwa msusi wangu.

Msusi hakucheka, na hilo liliniumiza zaidi. Aligonga kile kigamba kwa kucha, akaniuliza kama mzula ulikuwa wa kusuka kwa uzi wa dukani. Ndiyo. Akasema uzi ule ni akriliki, rasta nazo ni nyuzi za kiwandani, na vyote viwili vikipata joto vinalainika, vinashikana, vikipoa vinakuwa kitu kimoja. Ungekuwa wa sufu ya kondoo ungeungua taratibu bila kuyeyuka, na ningenusa mapema, maana sufu ikiungua inanuka kama nywele zinaungua. Ngozi yangu imepona kwa sababu tu rasta zilikuwa nene. Akachukua mkasi.

Alivyokuwa anakata ndivyo alivyokuwa ananisomea mashtaka. Rasta ni wiki 6, zikizidi sana 8. Zangu mizizi ilikuwa imeshajisokota kuwa dredi. Kulala na kichwa kibichi ndani ya mzula kunavundisha ngozi ya kichwa, mba inashangilia, na uzi wenyewe unasugua nywele usiku kucha mpaka zinakatika. Kama ni baridi, anza na kitambaa cha satini ndipo uvae mzula juu. Pembeni ya paji la uso, pale palipopungua nikasema ni ukoo, akasema ukoo gani, ni kusuka kwa kubana mpaka vipele vinatoka na huwezi kufumba macho. Ukiacha mapema zinarudi. Ukikomaa, vitundu vya nywele vinaziba kwa kovu na hapo hata mafuta ya nazi hayana la kukusaidia.

Alipofumua zilizosalia, likatoka fungu la nywele la kutosha kumsuka mtoto. Nikaanza kulia. Akaniambia ninyamaze: kichwa cha kawaida kinaangusha nywele 50 hadi 100 kila siku, na zangu zote za tangu Pasaka zilikuwa zimenaswa humo ndani ya rasta. Nililia hivyo hivyo, nilikuwa nimeshaanza. Nikataka nichane hapo hapo zikiwa mbichi, akanipiga mkono. Zikilowa zinavutika na kukatika kirahisi. Paka mafuta, chanuo la meno mapana, anzia kwenye ncha, sio kwenye mizizi. Nikauliza vipi pasi ya nywele, angalau zilale kidogo? Akanionyesha mlango. Pasi kwenye nywele mbichi inachemsha maji ndani ya unywele wenyewe. Kwa siku moja, akasema, nimeshachemka vya kutosha.

Kisogo kimebaki kifupi. Nywele zinaota kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo nikitulia, Desemba nitakuwa na sentimita 5, zinatosha kubana kibanio kimoja.

Nasema Desemba kwa sababu ndiyo harusi. Jana bibi harusi ametangaza mtindo wa wasimamizi: rasta mpaka kiunoni. Nikamwambia mdogo wangu, mimi niache tu, nitasaidia jikoni. Akasema jikoni ndiyo kabisa nisikanyage.